Picha Yako Nimeiona, Siiamini

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko uliko? Hapa Kakese babu yako hajambo ila goti, shangazi yako Tausi hajambo, mapacha wake hawajambo na kelele zao. Mimi mzima, wasiwasi tu.

Umeniuliza, "Bibi, mbona picha zangu huziamini? Si unaona nimenenepa?" Nimeona. Uso unang'aa kama sahani, hata lile kovu la kidevuni halipo. Limekwenda wapi?

Nilipokuwa msichana, alipita mpiga picha na baiskeli. Baba alikuwa mbali, Karema, anavua. Dada yangu anaumwa. Mama akamvika gauni la jirani, akamwambia, "Cheka, mwanangu, baba yako asihangaike." Mimi nilijikunja nyuma ya kiti, nimemshika mgongo asianguke. Baba alipoipata ile picha akafurahi, akaendelea kuvua.

Dada alipona, Mungu mkubwa. Na mama hakuwa mwongo, alikuwa na huruma. Wewe nawe una huruma kama yeye, ndiyo maana nakushuku.

Basi usitume picha nyingine. Piga simu leo leo, uongee taratibu, nisikie unavyopumua.

Ni mimi bibi yako.