Pindo Nililoliacha Ndani

Jumatatu, 3 Machi
Leo tena! Nampima kifua mteja wa sare za ofisi, mikono kainyanyua, ananitazama tumbo na kuuliza mimba ni ya miezi mingapi. Nikajibu minne. Minne, na mimba sina! Sijui ulimi ulinitelezaje. Akanipongeza, akanionya nisikae sana kwenye cherehani. Wifi yangu, anayeshona mashine ya pili, akajiinamia tu. Mteja alipoondoka nikaingia chooni, nikalia mpaka pua ikaziba.
Siku zangu mara ya mwisho: Novemba.

Alhamisi, 6 Machi
Kwa daktari. Mama mtu mzima, hana haraka. Alinichorea ovari na vifuko vidogo vidogo ndani yake. Kasema insulini yangu imezidi, ndiyo inayozichokoza ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Yai linaanza kukua, linakwama njiani. Ndiyo maana hedhi haiji. Ndiyo maana nina hizi ndevu mbili tatu za kidevuni ninazozing'oa kwa siri. Na homoni hizo hizo zinafanya uzito ugome kushuka.
"Si uvivu wako," kasema. Miaka sita natafuta mtoto, naambiwa ni mdomo wangu, nakula mno! Nusura nimbusu mikono.
Nina kilo themanini na nane. Nikipunguza tano hivi, huenda yai likapevuka. Huenda — hakuahidi.

Jumapili, 16 Machi
Kila asubuhi natembea na mume wangu kabla ya kazi. Anatangulia, anajifanya mwalimu wa mazoezi, kisha yeye ndiye anayeomba tupumzike. Sukari kwenye chai sina. Hasira ninazo.

Jumamosi, 26 Aprili
Kilo tatu zimeondoka! Nimelipunguza gauni langu la bluu ubavuni. Wifi akashika mkasi akate kitambaa kilichozidi kwa ndani. Nikamnyang'anya. Nguo za wajawazito tunaziachia pindo pana ubavuni, tulifumue tumbo likikua. Kazi hii anaijua. Akaniangalia, akasema basi tuache vidole vinne kabisa, ubahili wa nini.
Nampenda huyu mtu.

Jumanne, 13 Mei
Damu! Yenyewe, bila kidonge! Nilitoka chooni nacheka. Mume wangu kusikia tu "zimekuja", uso ukamshuka. Miaka yote neno hilo kwetu ni msiba. Ikabidi nimkalishe nimweleze: huenda yai limetoka, mwili umekumbuka kazi yake. Akachukua kalamu, akaizungushia duara tarehe ya leo kwenye kalenda ya jikoni. Mama mkwe ataiona. Aione tu.

Jumatano, 11 Juni
Zimekuja tena. Siku ishirini na tisa. Kilo themanini na mbili. Nilicheka, halafu nikalia. Namtaka mtoto jamani, namtaka mpaka mikono inauma.

Ijumaa, 25 Julai
Siku arobaini na nne. Kwa mwanamke mwingine hiyo ni habari. Mimi mwili huu umewahi kuniweka miezi mitano bure. Mizani inasema kilo moja imerudi. Mafuta, au mtu? Kipimo cha mimba kiko kwenye droo ya bobini za uzi tangu Jumatatu. Sithubutu. Nisipopima, bado ninaye.
Asubuhi yule mteja wa sare karudi. Akanitazama tumbo, akahesabu kimoyomoyo, machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono. "Pole sana, dada." Nikaipokea. Mungu anisamehe, nikaipokea yote, maana miaka sita hakuna aliyewahi kunipa pole.
Alipotoka, wifi akafunga mlango wa duka. Akasema gauni la bluu linanibana tangu juzi, ananiona ninavyolivuta. Akafungua droo. Kipimo akanipa mimi, wembe akachukua yeye. Nivue gauni, kasema.
Niko chooni na kanga na daftari hili. Dakika tano, wameandika kwenye boksi. Zimepita tatu. Nimekigeuza kifudifudi. Nje namsikia wifi — hakungoja, ameshaanza kuchana nyuzi za pindo —