Mlango wa Nyuma Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI, DAWATI LA UPELELEZI

Jina: limehifadhiwa kwa usalama wa shahidi
Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa kuchomelea, karakana ya magari ya kivita
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Dereva mliyemweka mahabusu tangu jana ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Anatuhumiwa kuacha mlango wa gari la maonyesho wazi hadi Injinia akapigwa risasi. Mlango ule haukuwa wazi. Niliutengeneza mimi.

Gari hilo ni la kwanza kubuniwa na kuundwa hapa nchini. Karakana nzima tunaliita Kobe. Mwezi uliopita bamba la chuma cha kivita la mlango wa nyuma kushoto lilipasuka likikunjwa kwenye mashine, na jingine lilikuwa bado njiani. Meneja aliniagiza niweke mlango wa chuma cha kawaida, kwa kuwa siku ya maonyesho gari lingepigwa risasi upande wa kulia tu, tena likiwa tupu. Injinia, aliyelichora, alikubali shingo upande.

Kwetu kipande cha muda hupigwa msalaba wa chaki nyekundu na hakipakwi rangi mpaka kibadilishwe. Meneja alisema wageni hawaji kuangalia chaki. Msalaba ukafutwa, rangi ikapigwa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa 4 asubuhi, tulikuwa uwanja wa majaribio. Shemeji aliliendesha gari hadi mbele ya wageni. Aliponipita alitoa kichwa dirishani: "Shemeji, kikiachia kitu humu, mdogo wako anarudi kwako na watoto wote wanne!" Nikamwambia aendeshe, aache mdomo.

Mgeni mkubwa alilalamika kwamba jua linampiga machoni. Viti vikahamishwa, gari likageuzwa. Sasa ubavu wa kushoto ndio uliotazama bunduki. Shemeji alipotaka kushuka, mgeni yuleyule akauliza, "Mbona dereva anakimbia? Hamkiamini kitu chenu?" Watu wakacheka. Meneja naye alicheka, akamwashiria shemeji abaki ndani.

Injinia alimwendea Meneja akamnong'oneza. Nilikuwa nyuma yao. Meneja alijibu, "Mbele ya wageni hawa? Umerukwa na akili?"

Injinia akaenda kwenye gari, taratibu, kama mtu aliyesahau miwani yake. Nilimfuata. Alimwambia shemeji, "Teremka, kijana. Mimi nikiwa humu, Meneja hathubutu."

"Hathubutu nini, mzee?"

Shemeji alishuka, Injinia akaingia. Aliketi nyuma, kushoto, akaufunga mlango. Nilisikia makomeo yote mawili yakiingia. Alinitazama kupitia kioo, akanipungia niondoke.

Meneja alikuwa anatuona muda wote huo. Aliinua mkono. Nilidhani anasimamisha. Kisha akaushusha, na hiyo ndiyo ishara ya kupiga. Nilipiga kelele, lakini milio mitatu ilikuwa imeshatoka. Wageni walipiga makofi.

Shemeji ndiye aliyemtoa, kwa kifuniko cha juu, maana mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani. Injinia alikuwa ameshakata roho. Askari walipofika, gari lilikuwa chini ya turubai, na Meneja akawaambia haliguswi, ni siri ya kijeshi.

Leo alfajiri Meneja alibisha hodi kwangu. Alisema bamba limefika na limeshakunjwa, niwahi kulifunga kabla ya ukaguzi, na shemeji yangu atatoka wiki hii. Akasema, "Mfikirie mdogo wako, mama." Nikamwambia anisubiri nivae. Nikapitia uani, nikaja hapa.

Mchomeleaji mwingine yupo, naye ana familia. Naomba askari waende sasa hivi, wakati bado naongea.

Niliyoyaona ndiyo hayo. Nimesomewa, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA OFISA: Niliyaandika haya kuanzia saa 2:10 hadi saa 3:40 asubuhi. Kibali cha kuingia karakana kilitolewa saa 9 alasiri. Milango yote minne ya gari ni ya chuma cha kivita, haina tundu. Dereva bado yupo mahabusu. Nilipoushika mlango wa nyuma kushoto, rangi ilibaki kiganjani. Nimekipiga picha kiganja kabla ya kunawa.