Matete ya Nkome Ndani ya Keki ya Baba

Mama, shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini nakusalimu hivyo hivyo, maana kwenye harusi ya Baba hakuna aliyekutaja.

Ndiyo, Mayu, mama yangu, Baba ameoa. Hapa hapa Ngokolo, Jumamosi iliyopita, na mwaka wa msiba wako haujaisha. Amemwoa Tereza, yule mshona nguo wa sokoni uliyekuwa ukimkaribisha chai. Tena Baba alinifuata jikoni kwako akaniambia, "Kabula, tuokee keki ya ghorofa tatu, kama zile za mama yako." Halafu akaongeza nisije nikalia mbele za wageni. Nilitamani kumrushia mwiko.

Nikaoka. Sikutaka mtu aseme mkono wako umezikwa nawe. Nilipalia makaa chini na juu ya sufuria, nikatwanga sukari kwenye kinu, nikaichekecha kwa kipande cha chandarua mpaka ikawa vumbi. Mjomba aliniletea matete kutoka Nkome, kule ziwani, yananuka dagaa vilevile, nikayachemsha na kuyaanika. Unakumbuka ile harusi ulipotumia mabua ya mtama? Yalilowa, keki ya juu ikazama ndani ya ile ya chini mbele ya padri, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Tangu hapo ukawa unasema, "Keki haibebi keki. Tete ndilo linalobeba." Basi nikayakata sawasawa na kimo cha keki, nikayachomeka mpaka yakagusa kibao cha chini, juu yake nikalaza ubao wa sanduku la chai, ndipo nikapandisha keki nyingine. Ikasimama, Mama. Ilisimama wima kama zako.

Halafu katekista akatangaza kwamba keki hiyo ameioka bibi harusi kwa mikono yake mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilimtazama Baba. Akajifanya anatengeneza tai.

Niliumia, Mama. Kila harusi wewe ulisimama kando ya meza, ukashusha keki za juu na kuchomoa matete kabla kisu hakijapita. Mimi nilikaa kitako, mikono mapajani. Si mwoka keki yupo? Tereza akakandamiza kisu, kikagota. Akakandamiza tena, keki za juu zikaanza kuinama, wageni wakaguna. Akauliza kwa sauti nani kamwekea vijiti kwenye keki yake. Sikuinuka, na sijuti.

Baba ndiye aliyeinuka. Akashusha keki za juu, akaingiza vidole, akachomoa tete moja. Alilitazama kwa muda. Jina lako hakulitaja, hata hapo hakulitaja. Ila alilifuta kwa leso, akalitia kwenye mfuko wa koti lake la harusi.

Sijamsamehe. Siwezi kukudanganya wewe. Kesho naondoka kwenda kwa shangazi, Nyahanga, na sufuria zako nimeshazifunga mzigoni, hapa hazibaki. Nakuahidi, kila nitakapopeleka keki mezani nitasimama nimtaje aliyenifundisha, wapende wasipende.

Lala salama, Mayu. Matete nimeyaosha na kuyafunga pamoja. Lile moja Baba hajalirudisha, nami sijamwomba.

Mwanao,
Kabula