Pikipiki Haina Kesi

Na ndiyo, Mama, nimeolewa na yule yule Deo wako wa pikipiki. Hii ni wiki ya tatu. Kila asubuhi mume wangu ananipikia chai yenye tangawizi kupita kiasi, nami nainywa yote huku nacheka. Ona, nimeandika "mume wangu". Naipenda hiyo kauli mpaka naisema nikiwa peke yangu jikoni.

Ila ndoa hii ilikuwa imekufa, Mama, na hukuijua habari hiyo.

Siku ile Deo alikubeba kuteremka mlimani hadi gulio la Mlali, tenga la karoti likiwa nyuma yako. Njiani ulimwambia, "Deo, ongeza mwendo, mimi si yai." Akaongeza. Mlipofika ulishuka, ukashika tumbo, ukakaa chini. Hospitali walikufungua tumbo wakakuta damu imejaa. Kwenye ini kulikuwa na uvimbe tusioujua, nao ulikuwa umepasuka. Walizuia damu, wakakata kipande cha kupima. Siku ya pili yake ukatuacha.

Msibani Deo alisimama akaeleza yote, hata lile la yai. Mjomba akamjibu mbele za watu, "Basi wewe na mashimo yako ya barabarani ndio mmempasua dada yangu." Na kwetu, Mama, unajua, mjomba akikataa hakuna harusi. Akairudisha barua ya posa. Kibaya zaidi, Deo mwenyewe aliamini. Aliifunika pikipiki turubai, akawa anakuja kuniona kwa miguu, na hakuthubutu hata kunishika mkono. "Mimi ndiye niliyeongeza mwendo," alikuwa anasema. Nililia, Mama. Nilikulilia wewe, nikamlilia na yeye aliye hai.

Majibu yalichelewa. Kile kipande kilikuwa karibu chote nyama iliyokwisha kufa, na kwa hadubini daktari hakuweza kusema ilikuwa nini. Ikabidi watie rangi inayotafuta keratini, ile protini ya kucha na nywele, ambayo kumbe imo pia ndani ya chembe za ini. Nilimbembeleza Mjomba mpaka akakubali twende wote kusikiliza.

Daktari alituonyesha picha, imejaa rangi ya kahawia. Akasema, "Chembe zimekufa, ila keratini yake imebaki, ndiyo inayotuambia zilikuwa nini. Hii ni saratani." Akaeleza kwamba sehemu hiyo ilikufa siku nyingi kabla ya gulio. Uvimbe ulikua haraka kuliko damu ya kuulisha, ukaoza katikati, ukapasuka wenyewe.

"Na asingepanda pikipiki?" Mjomba akauliza.

"Mzee, ungepasuka hata akiwa amekaa anasuka mkeka."

Mjomba aliisogelea ile picha. Akasema, "Ni kama ukindu wa dada, ule wa kusukia mikeka yake. Ukiuchovya kwenye rangi, mwingine unashika, mwingine unakataa." Halafu akavua kofia. "Kwa hiyo pikipiki haina kesi."

"Haina, mzee."

Tulipotoka nje aliniomba simu, akampigia Deo. Nilisikia kwa masikio yangu, Mama: "Mkwe, njoo unichukue hapa hospitali. Ila uendeshe taratibu, mimi ni yai."

Sijui Deo aliiwashaje pikipiki iliyolala miezi yote ile. Alifika ana vumbi la turubai mpaka kwenye nyusi, macho mekundu, na mimi nikampenda upya pale pale getini, kama ndiyo kwanza namwona.

Siku ya harusi nilikalia mkeka wako wa mwisho, ule wa kahawia uliouacha bila pindo. Shangazi walitaka kuuficha, nikakataa. Sasa najifunza kushona pindo. Linakwenda upande kidogo, ungenicheka.

Jambo moja tu limebaki. Deo akifika pale ulipomwambia aongeze mwendo, mpaka leo anapunguza, anatambaa kama amebeba maji kichwani. Pumzika, Mama yangu, utusubiri. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda hadi kaburini kwako, mimi nyuma ya mume wangu, mkeka wako mapajani na pindo limekwisha. Tukifika pale nitamshika kiuno kwa nguvu, na nitamwambia mimi mwenyewe aongeze mwendo.