Vidole Kumi na Kimoja Chini ya Barua

Mama Agathe mpendwa, nasoma majibu yako gazetini, naomba unisaidie kabla hofu haijanimaliza, mimi ni karani wa mizani katika kiwanda cha pamba huku bonde la Ruzizi, na kambini ndiye ninayewaandikia watu barua kwa sababu hati yangu ni nzuri, basi Gaspard alipokatwa mkono na mashine mkubwa wetu Mzungu alikataa asipande gari, akasema gari ni la Wazungu, Gaspard akalazwa juu ya magunia mpaka lori lijae pamba, na wiki ile ile fundi wao Mzungu alipata homa tu gari likamkimbiza Uvira, tukakasirika, nikamwandikia inspekteri wa kazi, wenzangu kumi na mmoja wakatia alama za vidole kwa wino bila majina, nami sikutia sahihi, lakini barua ikafika kwa mkubwa, sijui ilipitia wapi, akaitambua hati yangu maana anaisoma kila siku kwenye karatasi za mizani. Amenitoa mizani, sasa nabeba magunia, tena ameniambia, "Pamba ikiisha, weye unaleta majina ya wale kumi na moja. Usipoleta, minye nitaambia askari weye iko mwasi." Mwaka huu wa 1964 unajua anayeitwa mwasi anafanywa nini, wawili walichukuliwa na askari kule Mutarule na hawajarudi. Mke wangu Léocadie anasema, "Andika tu, minye niko na mimba, hao batu hawatanilelea mutoto." Mama, nimeshaandika majina mawili, karatasi iko mfukoni. Nifanyeje?

Placide

Mwanangu Placide,

Nimekusoma nami nikaogopa. Lakini nikugombeze kwanza: mtu ambaye hati yake inajulikana mpaka kule kijijini Kiringye, anaandika barua ya siri kwa mkono ule ule? Hata hivyo uliandika kweli, na Gaspard alistahili gari.

Hiyo karatasi ya mfukoni ichome sasa, kabla hujamaliza gazeti hili. Vidole vile havina majina mpaka wewe uyataje. Ukiyataja, askari watapata watu kumi na mmoja, na wa kumi na mbili utakuwa wewe, maana ndiye unayejua yote. Usikimbilie milimani, siku hizi anayekimbia ameshakiri. Mpeleke Léocadie kwa mama yake, mchana, abebe kikapu cha soko tu. Kisha waambie wenzako kila kitu, na kwamba ulishaandika majina mawili usifiche. Watakutukana, vumilia. Halafu nendeni wote kumi na wawili kwa padri, awapeleke kwa sindika, chama cha wafanyakazi, Gaspard akiwa mbele. Mmoja ni rahisi kumwita mwasi, kumi na wawili na padri wao ni kazi. Siahidi kwamba mtapona.

Majina yote nimeyabadilisha, na kiwanda chenu kwa kweli si cha pamba, ili mkubwa wenu akisoma asikutambue. Barua yako nimeinakili kwa mkono wangu, kisha nikaitia katika moto wa jikoni, kwa sababu hati yako ni nzuri kweli, hata mimi sasa ningeitambua popote.