Baba Ameongea kwa Kompyuta

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumamosi mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za sisi sote. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha? Huku mama ni mzima, na kidonda cha baba cha operesheni ya koo kimefunga vizuri. Nimejikaza kwa salamu mpaka hapa, sasa siwezi tena: baba ameongea!

Si kwa koo lake, hilo daktari alishatuambia tusahau. Ameongea kwa kompyuta. Unamjua, mtu aliyefundisha udereva maisha yake yote kwa kufoka. Kumwambia aandike vikaratasi ilikuwa adhabu. Mwishowe akaacha hata kuandika, akawa anakaa anatutazama tu. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Nikapata programu ya bure inayosoma kwa sauti unachochapa. Msimbo wake, yaani maagizo iliyoandikwa nayo, uko wazi kwa yeyote, ila kwa kompyuta yetu kuukuu lazima uijenge mwenyewe: kompaila inaugeuza msimbo kuwa programu, kisha inaunganishwa na maktaba ya sauti, yaani kazi ambazo wengine walishaziandika. Kwenye kuunganisha ndipo nilipotoka jasho. Kila mara naambiwa "haijapatikana", na maktaba naiona kwa macho yangu! Nikaifuta, nikaiweka tena, wapi! Nikaiacha kompaila mpya niliyokuwa naitumia, nikarudia ya zamani. Sasa msimbo wa programu ndio ukagoma, maana umeandikwa kwa mtindo mpya. Mama akachungulia: "Unagombana na nani humu?"

Nikampigia Miwani, mwenzangu wa kazini. Akaniuliza swali moja tu: "Hiyo maktaba ilijengwa kwa kompaila gani?"

Kaka, niliruka! Ilijengwa kwa ile ya zamani. Kompaila hizo mbili zinakipa kitu kilekile majina tofauti, kwa hiyo programu ilikuwa inaita na maktaba haiitiki. Nikachukua msimbo wa maktaba, nikaijenga upya kwa kompaila mpya, nikaiondoa maktaba ile ya zamani isije ikajipenyeza, kisha nikajenga programu. Ikapita bila kosa hata moja. Nilipiga ukelele, mama akaja mbio na mwiko mkononi.

Baba akavuta kiti, akachapa kwa kidole kimoja. Sauti ikatoka, kavu kidogo: "Mke wangu, chai yako siku hizi haina sukari."

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha kicheko kikageuka kilio. Baba akachapa haraka: "Nyamaza basi, nitainywa hivyohivyo."

Tangu hapo hatupumui. Hata jirani keshakosolewa kupitia dirisha namna anavyoegesha gari.

Shangazi anakusalimu, na wewe nisalimie wifi na watoto. Mungu awafunike kwa rehema zake. Ukiisoma barua hii tu, piga simu. Baba anachapa tangu asubuhi maneno atakayokuambia, na nikisogea anafunika kioo kwa viganja vyote viwili.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitinda