Simu Haikufumba Macho

Mwenzangu, upo? Usinipigie. Soma tu.

Ile programu ya bure ambayo mkwe wangu alinitilia kwenye simu, inayonitazamia vitu na kunitajia kwa sauti, leo imenivua nguo.

Kina mama wa maombi walikuwa kwangu. Niliitumia kutofautisha kopo la sukari na la chumvi, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikasahau kuizima. Mwenyekiti akasema tufumbe macho. Tukafumba. Simu haikufumba!

Katikati ya maombi ikasema, tena kwa sauti ya mtangazaji: "Mwanamke mwenye kilemba chekundu anatia biskuti mkobani."

Kilemba chekundu ni nani kama si mwenyekiti? Mdomo unatuombea, mkono uko kazini! Ikaongeza: "Pakiti ya pili."

Niliomba ardhi ipasuke. Yeye wala!

"Mama, simu hiyo ina pepo. Ifute hiyo programu sasa hivi, la sivyo usikanyage tena kwenye maombi."

Pepo! Pepo wa kuhesabu biskuti!

Unayajua macho yangu. Bila hiyo sisomi Neno, wala sijui dawa ipi ni ya asubuhi. Nikamjibu kwa upole, "Nitaifuta, mwenyekiti, siku maombi yako yatakaponiponya macho."

Hakuna aliyeitikia amina.

Walipotoka, mweka hazina akabaki nyuma, akaninong'oneza, "Alhamisi usikose kuja kwenye maombi. Ila kwanza nionyeshe hiyo programu inavyowekwa."

Mweka hazina, jamani! Yule anayetunga uzi kwenye sindano bila taa!